Semei Kakungulu

Semei Lwakirenzi Kakungulu (takriban 1869 - 24 Novemba 1928) alikuwa jemadari na kiongozi wa Buganda aliyeiwezesha Uingereza kutawala maeneo ya mashariki ya Uganda ya leo. Baadaye alikuwa mwanzilishi wa Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyo karibu na mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon.

Anakumbukwa kwa sababu mbili zilizo mbali sana. Kwa watu wa Teso, Bugisu na Bukedi ni mtu aliyefika na bunduki, akajenga ngome na kuleta utawala wa kigeni. Kwa Abayudaya ni mtu aliyesoma Torati, akaamini kwamba amri zake hazijafutwa, akaanza kuitunza Sabato siku ya Jumamosi katika nchi ambayo serikali na misheni zilipumzika Jumapili.

Maisha ya awali

Kakungulu alizaliwa Koki, ufalme mdogo uliokuwa kusini-magharibi mwa Buganda, katika eneo la wilaya ya Rakai ya leo. Akiwa kijana alihamia Buganda na kuingia katika utumishi wa kabaka kama mwindaji wa tembo.

Kazi hiyo ilikuwa na heshima kubwa. Pembe za ndovu ndizo zilizowapa Waganda bunduki, baruti na nguo kutoka kwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofika kutoka pwani kwa njia ya Tabora. Mwindaji hodari alikuwa na silaha, alizijua njia za porini na alikuwa na vijana waliomfuata. Ikitokea vita, mtu wa namna hiyo alikuwa tayari kiongozi wa kikosi.

Katika miaka ya 1880 Kakungulu alijiunga na Waprotestanti waliofundishwa na wamisionari wa Church Missionary Society. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa wasomaji, kwa sababu dini na kusoma vilikwenda pamoja. Mwanzoni wengi wao walisoma sehemu za Biblia kwa Kiswahili, katika tafsiri zilizotoka Zanzibar kwa kazi ya Askofu Edward Steere. Biblia nzima kwa Kiganda ilikamilika mwaka 1896 chini ya uongozi wa George Pilkington. Tangu hapo Mganda aliyejua kusoma aliweza kuzichunguza sheria za Musa mwenyewe, bila kumngoja padre au mchungaji. Jambo hilo lilikuja kuwa na matokeo makubwa katika maisha ya Kakungulu.

Vita vya Buganda

Mwaka 1888 Kabaka Mwanga II alipinduliwa na Wakristo na Waislamu walioungana dhidi yake. Alikimbilia kusini mwa Ziwa Viktoria, kwanza Magu katika nchi ya Wasukuma, kisha kwenye misheni ya Kikatoliki ya Bukumbi karibu na Mwanza. Muda mfupi baadaye Waislamu waliwafukuza Wakristo, ambao wengi wao walikimbilia mpakani mwa Ankole.

Kakungulu alipata jina kubwa katika vita vilivyofuata. Alikuwa mmoja wa viongozi wa jeshi lililomrudisha Mwanga mwaka 1889, na mwanzoni mwa mwaka 1890 Mwanga alishika mji mkuu kwa mara nyingine. Upande wa Waprotestanti ulipata nguvu zaidi baada ya mapigano ya Mengo ya Januari 1892, ambako Frederick Lugard aliwasaidia dhidi ya Wakatoliki. Mwishoni mwa mwaka 1893 Kakungulu aliliongoza jeshi la Waganda katika vita vya Waingereza dhidi ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza Uganda kuwa nchi lindwa.

Ndani ya Buganda kwenyewe njia yake ya kupanda ilizibwa. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Apolo Kagwa, aliyekuwa katikiro, yaani waziri mkuu, kuanzia mwaka 1889 hadi 1926. Wote wawili walikuwa Waprotestanti na wapiganaji, na wote walitaka kuwa wa kwanza. Kagwa ndiye aliyeshinda. Kakungulu alipewa uongozi wa Bugerere, nchi iliyo kando ya mto Naili, mbali na ikulu lakini karibu na maeneo ya mashariki ambayo hayakuwa chini ya kabaka.

Mnamo Aprili 1899 kikosi cha Waingereza na Waganda, Kakungulu akiwa mmoja wa viongozi wake, kiliwakamata Mwanga na Kabalega pamoja huko Lango. Wafalme hao wawili walihamishiwa Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na Kabalega alifariki mwaka 1923 mjini Jinja, akiwa njiani kurudi kwao.

Utekaji wa mashariki

Kuanzia mwaka 1899 Kakungulu aliongoza wafuasi wake kuvuka Naili na kwenda nchi ambayo Waganda waliiita Bukedi. Katika muda wa miaka michache alijenga mlolongo wa ngome kutoka karibu na Ziwa Kyoga hadi chini ya Mlima Elgon, na makao yake yakawa Budaka. Aliigawa nchi katika masaza kwa mfano wa Buganda, akaweka Waganda kuwa watawala wadogo, akafungua barabara na kupanda miembe kando yake.

Wenyeji walilipa gharama ya kazi hiyo. Jamii nyingi za huko, kama Wateso, hazikuwa na mfalme. Sasa zilitakiwa kutoa kodi, chakula na nguvukazi kwa wageni wenye bunduki, na ng'ombe walichukuliwa. Wapo waliopigana, na wapo waliotumia uwepo wa Waganda kulipiza kisasi kwa jirani zao. Utaratibu wa kuwatawala watu wa mashariki kwa kutumia mawakala Waganda uliendelea chini ya Waingereza, na uliacha uchungu uliodumu kwa miaka mingi.

Kakungulu alitegemea kwamba Waingereza wangemtambua kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Aliyachukua mazungumzo yake na kamishna Harry Johnston kuwa ahadi ya ukabaka wa Bukedi. Lakini serikali haikuhitaji mfalme mwingine. Mwaka 1902 alitakiwa kuiacha Budaka, akapewa ardhi ya maili za mraba 20 (takriban kilomita za mraba 52) upande wa Mlima Elgon. Huko makazi ya watu wake yalikua na kuwa mji wa Mbale.

Mwaka 1906 alihamishiwa Jinja kuwa rais wa baraza la machifu wa Busoga. Cheo kilikuwa kikubwa, ila hakikuwa ufalme, na alikishika akiwa mtumishi wa serikali anayeweza kuondolewa wakati wowote. Mwaka 1913 kazi hiyo ilikwisha na akarudi Mbale.

Bamalaki

Mwaka 1914 lilianza nchini Buganda kundi la dini lililojulikana kama Bamalaki, kutokana na jina la mwalimu wake Malaki Musajjakawa. Kiongozi mwingine mkubwa alikuwa Joswa Kate, aliyekuwa na cheo cha mugema, mmoja wa wakuu wa zamani wa Buganda. Kundi hilo lilibatiza watu bila masharti marefu ya wamisionari, liliiheshimu Jumamosi, na lilikataa dawa kwa hoja kwamba mponyaji ni Mungu peke yake.

Kakungulu alijiunga nao. Kwa kufanya hivyo aliingia katika mgogoro na serikali, kwani Bamalaki walikataa chanjo, si kwa watu tu bali hata kwa ng'ombe wakati wa kupambana na sotoka. Mtu aliyekuwa mkono wa kulia wa Waingereza sasa alionekana kuwa mkaidi. Wanahistoria wengi wanahusisha badiliko hilo na uchungu wa kunyimwa ufalme. Hata hivyo uchungu pekee hauelezi yaliyofuata, maana Kakungulu aliendelea kusoma na kwenda mbali kuliko Bamalaki wenyewe.

Kuingia katika Uyahudi

Mwaka 1917 alihamia Gangama, nje kidogo ya Mbale. Aliyasoma maandiko kwa namna iliyo wazi: ikiwa Mungu ametoa amri na hakuna mahali alipoifuta, basi amri hiyo inabaki. Kwa njia hiyo alifika kwenye tohara.

Mwaka 1919 alisema kwamba wanaume wanapaswa kutahiriwa, kama Ibrahimu alivyoagizwa. Bamalaki walipinga na kumwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Alijibu kwamba ikiwa ni hivyo, yeye ni Myahudi. Alitahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakafanya vivyo hivyo.

Uamuzi huo ulikuwa mzito kwa Mganda. Katika mila ya Buganda wanaume hawakutahiriwa, na tohara ilihesabiwa kuwa alama ya Uislamu. Kwa upande mwingine, majirani zake Wagisu hutahiri vijana wakiwa wakubwa katika sherehe za imbalu. Tohara ya Kakungulu haikufuata desturi ya upande wowote, kwa kuwa Torati inaagiza mtoto atahiriwe siku ya nane.

Mwaka 1922 alitoa kwa Kiganda kitabu cha kurasa 90 hivi chenye kanuni, sala na mafungu ya Biblia. Wakati huo ibada ya Gangama bado ilikuwa na mchanganyiko wa mambo ya Kiyahudi na ya Kikristo, ukiwemo ubatizo. Katika miaka hiyo ya 1920 alikutana na Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef, ambaye alikaa naye kwa miezi kadhaa. Yosef aliwafundisha kalenda ya Kiyahudi, sikukuu, baraka za Kiebrania na sheria za chakula. Ubatizo na sala za Kikristo viliondolewa, na jumuiya ikaanza kuishi kwa utaratibu uliofanana na ule wa Wayahudi wa sehemu nyingine za dunia.

Mara nyingine habari za Kakungulu huchanganywa na mpango wa mwaka 1903, ambao kwao Uingereza ilijitolea kuwapa Wazayuni ardhi ya makazi katika Afrika ya Mashariki. Mpango huo uliitwa wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, nchini Kenya ya leo, na Wazayuni waliukataa mwaka 1905. Abayudaya hawakutokana nao.

Sabato

Kati ya amri zote alizozishika Kakungulu, Sabato ndiyo iliyobadilisha maisha ya kila wiki ya wafuasi wake.

Majina ya siku yenyewe yalikuwa kikwazo. Katika Kiswahili Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Katika Kiganda inaitwa Lwamukaaga, yaani ya sita, kwa sababu hesabu huanzia Jumatatu. Na neno Sabbiiti, lenye asili ya Sabato, lilizoeleka kutaja Jumapili na juma zima. Katika Torati siku hiyohiyo ni ya saba. Aliyeishika alilazimika kuhesabu siku tofauti na lugha yake mwenyewe.

Kwa mapokeo ya Kiyahudi Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi usiku nyota tatu zinapoonekana. Ulaya saa ya kuanza hubadilika sana kati ya kiangazi na majira ya baridi. Mbale iko karibu na ikweta, hivyo saa ya kuingia Sabato hubadilika kidogo tu mwaka mzima.

Torati inaitaja amri hiyo mara mbili katika Amri Kumi. Kitabu cha Kutoka kinaagiza kuikumbuka, kwa sababu Mungu alipumzika baada ya uumbaji. Kumbukumbu la Torati kinaagiza kuishika, kwa sababu Waisraeli walikuwa watumwa Misri. Kwa hiyo pumziko si la mwenye nyumba peke yake: mtumishi, mgeni na hata ng'ombe hupumzika.

Marabi walitaja aina 39 za kazi zinazokatazwa, zikiwa pamoja na kulima, kupanda, kuvuna, kusaga, kuoka, kushona, kuandika, na kuwasha au kuzima moto. Lakini Sabato haielezwi kwa makatazo tu. Kufuatana na kitabu cha Isaya, sura ya 58, wanatofautisha mambo mawili: kuiheshimu na kuifurahia.

Kuiheshimu huanza kabla haijafika. Siku ya Ijumaa nyumba husafishwa, watu huoga na kuvaa nguo safi, chakula hupikwa mapema, na mishumaa huwashwa kabla ya jua kutua. Kuifurahia ni kula milo mitatu, kuimba, kusoma Torati na kukaa na jamaa na wageni. Ijumaa usiku baba au mwingine huibariki siku kwa kikombe cha divai, kisha mikate miwili hubarikiwa. Mwishoni siku huagwa kwa divai, viungo vyenye harufu nzuri na mshumaa uliosukwa. Kufunga na kuomboleza hadharani havifanyiki siku hiyo, isipokuwa Siku ya Upatanisho ikiangukia Sabato.

Sheria hizo zina mpaka mmoja muhimu: uhai wa mtu huitangulia Sabato. Mgonjwa aliye hatarini hutibiwa, na moto huwashwa ikibidi kwa ajili yake. Katika jambo hilo mapokeo ya Kiyahudi yako mbali na mafundisho ya Bamalaki, waliokataa dawa siku zote saba.

Nchini Tanzania na Kenya neno Sabato huwakumbusha wengi Waadventista Wasabato, ambao walifika Upare mwaka 1903 na wana waumini wengi katika Kanda ya Ziwa, kuanzia Mara hadi Shinyanga na Geita. Wao ni Wakristo, na hawana uhusiano wa asili na Abayudaya. Yanayowaunganisha ni siku yenyewe na matatizo ya kuitunza katika nchi ambayo ratiba za kazi na masomo zimepangwa kwa kufuata Jumapili. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikataa ombi la wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere waliotaka wasilazimishwe kufanya masomo na mitihani siku ya Sabato, na Mahakama ya Juu ikathibitisha uamuzi huo.

Kifo na jumuiya baada yake

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928 kwa nimonia. Hakuwa na rabi, wala kitabu cha Torati cha Kiebrania cha kutosha kwa watu wake, wala shule inayotambuliwa na serikali. Baada ya kifo chake jumuiya iligawanyika, na baadhi walirudi katika Ukristo.

Waliobaki waliishi kwa kujitenga. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na kusoma huko mara nyingi kulimaanisha kupokea dini ya misheni. Familia iliyotaka kubaki ya Kiyahudi iliweza kuwanyima watoto wake elimu. Iliyotaka elimu iliweza kuwapoteza watoto kwa dini nyingine. Hivyo jumuiya iliyozaliwa kwa kusoma ilidhoofika kwa kukosa shule.

Pigo kubwa zaidi lilikuja na utawala wa Idi Amin ulioanza mwaka 1971. Ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku na masinagogi yalifungwa au kuharibiwa. Wengi waligeuka Wakristo au Waislamu, na waliobaki mia chache tu walisali kwa siri. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo. Jioni ya siku hiyohiyo ilianza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani.

Urithi

Tangu miaka ya 1980 jumuiya imejengwa upya, hasa kwa juhudi za vijana waliokusanyika Nabugoye, karibu na Mbale. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwapokea rasmi mamia ya Abayudaya katika Uyahudi. Gershom Sizomu, aliyesomea urabi nchini Marekani, alipata daraja hiyo mwaka 2008, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge. Nyimbo za Sabato za Abayudaya, zinazochanganya Kiebrania na Kiganda kwa sauti za Kiafrika, zilitolewa katika albamu ya mwaka 2003 iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Sifa ya Kakungulu katika historia ya Uganda bado inajadiliwa. Alizifungua barabara za mashariki na kuanzisha mji wa Mbale, lakini kwa nguvu ya bunduki na kwa faida ya dola iliyomtumia na kumweka kando. Ufalme alioutafuta haukudumu hata miaka mitatu. Ngome zake zimeachwa na masaza yake yalichukuliwa na wengine. Kilichobaki hai ni kile alichokianza akiwa amekwisha kupoteza madaraka: kila Ijumaa jioni, katika vijiji vya kando ya Mbale, majembe huwekwa ndani na mishumaa huwashwa.